Ngeli si Mzigo

Wahenga walisema kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nami nakuomba usinipe pole, maana haya nitakayoyasimulia niliyataka mwenyewe.

Katika mtihani wa mwisho wa Kidato cha Pili, sehemu ya matumizi ya lugha, nilipata alama 13 kati ya 40. Karibu alama zote nilizopoteza zilikwenda na ngeli. Mwalimu alikuwa ameandika "Ngeli!" kwa wino mwekundu mara sita. Nilikasirika si haba. Nikajiuliza, jamani, hizi ngeli ni za nini? Mwingereza ana neno moja tu pale sisi tunaposema wangu, changu, langu na yangu, na bado watu wake wanaelewana. Nikaapa kwamba kama Kiswahili kinanikataa, nitaunda lugha yangu ambayo haina ngeli hata moja.

Kaka yangu ana fulana ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye maneno ya Kilatini: Unitate et Labore. Nilimwuliza padri wa parokia yetu maana yake. Akaniambia: "Unitas ni umoja, na labor ni kazi. Ukitaka kusema 'kwa umoja' hubandiki neno mbele, bali unabadilisha mwisho wa jina, liwe unitate. Kadhalika labore ni 'kwa kazi'." Nikacheka. Kumbe hata Warumi walikuwa na balaa lao! Akacheka pia, halafu akanisimulia habari za mtu mmoja aliyechoka na miisho hiyo kama nilivyochoka mimi na ngeli.

Mtu huyo ni Giuseppe Peano, mwanahisabati wa Italia aliyefundisha katika chuo kikuu cha Turin. Mwaka wa 1903 alichapisha makala ya kupendekeza Kilatini kisicho na minyambuliko, ili wataalamu wa mataifa mbalimbali wapate lugha nyepesi ya kuandikiana. Makala yenyewe ilianza kwa Kilatini cha kawaida. Kila alipoeleza kwamba kanuni fulani haihitajiki, aliiacha kuanzia hapo, hata mwisho wa makala ukawa umeandikwa katika lugha mpya. Jina lilibaki na umbo moja. Wingi uliachwa ikiwa idadi imeshatajwa. Wakati uliopita nao uliachwa, maana ukisema "jana" inatosha, kitenzi kina haja gani ya kurudia?

Mimi na rafiki yangu tunayekaa dawati moja tulisisimka mno. Tukanunua daftari la kurasa 96 tukaanza kazi. Maneno tuliyachukua katika kitabu cha zamani cha padri, kanuni tukazikata kama Peano, na nyingine tukazikata zaidi yake. Tulipofunga muhula wa kwanza tulikuwa na maneno zaidi ya 300. Tulijiona wataalamu! Wenzetu wakitupita njiani wakati wa kurudi nyumbani, sisi tunazungumza yetu, nao wanabaki vinywa wazi.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Muhula wa pili rafiki yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alikuwa ameomba basari, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa. Hakutaka darasa zima lijue shida ya kwao, kwa hivyo Ijumaa hiyo alinitumia kikaratasi kilichoandikwa kwa lugha yetu: "Charta de duce que es in urbe. Cape et porta." Charta ni karatasi, yaani fomu. Duce ni kiongozi, yaani chifu. Urbe ni mji. Sehemu ya pili inasema: chukua upeleke.

Nilielewa hivi: fomu ya chifu iliyo mjini. Nikaomba ruhusa, nikapanda matatu hadi mjini. Nilizunguka ofisi moja hadi nyingine nikiuliza fomu ambayo hakuna aliyeijua. Kumbe rafiki yangu alimaanisha: fomu ya chifu aliye mjini. Chifu alikuwa ameenda mkutanoni mjini, na fomu aliiacha imeshapigwa muhuri kwenye kambi yake, mwendo wa dakika kumi tu kutoka shuleni kwetu. Niliporudi kambi ilikuwa imefungwa. Fomu ilifika Jumatatu, ikakataliwa. Basari ya muhula ule ikampita hivi hivi. Alikaa nyumbani wiki tatu, hadi mama yake alipouza mbuzi wawili. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya, mradi nisimtaje jina.

Hebu tazama, msomaji. Iliyo, aliye. Tofauti ni herufi chache tu, nazo ni zile zile nilizoziita mzigo. Katika Kiswahili, i- ya iliyo inakurudisha kwenye fomu, na a- ya aliye inakurudisha kwa chifu. Hata Kilatini chenyewe kingetuokoa, kwa sababu charta ni jina la kike na dux, yaani kiongozi, ni la kiume. Mrumi angesema quae kwa fomu na qui kwa chifu. Sisi tulikuwa tumevikata vyote tukabaki na que moja, tena tukajipongeza kwa kurahisisha!

Maoni yangu basi ni haya. Ugumu wa lugha ukiufukuza mlangoni unarudi kwa dirishani. Peano mwenyewe hakuweza kuukwepa. Maneno unitate na labore yamo katika lugha yake yakiwa na umbo lile lile la kwenye fulana, lakini ule mwisho hauna kazi tena. Akitaka kusema "kwa kazi" inambidi aongeze neno jingine mbele. Vilevile, Mrumi angeweza kusema "magister discipulum videt" au "discipulum magister videt", na maana ikabaki kuwa mwalimu anamwona mwanafunzi. Ukiitoa ile miisho, lazima uchunge nani ametangulia. Zamenhof, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha Kiesperanto mwaka wa 1887, alifuta mengi lakini akaacha n moja mwishoni mwa jina ili ionyeshe anayetendwa. Sisemi Kiesperanto kimedumu kwa sababu ya herufi moja. Ila kimedumu, na mwaka wa 2024 wazungumzaji wake walifanya kongamano lao la dunia papa hapa jirani, Arusha.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Mbona ukisema 'rafiki wa dada aliyekuja' bado hatujui ni nani aliyekuja?" Ni kweli, kwa sababu wote wawili wako katika ngeli ya A-WA. Ngeli si dawa ya kila ugonjwa. Lakini paa likivuja mahali pamoja, hatubomoi nyumba.

Wengine watasema kwamba mtaani watu wameshazitupa ngeli na maisha yanaendelea. Hapo nawaomba msikilize vizuri. Makanga atakwambia "gari imejaa" na "viti ziko mbili", na masikio ya mwalimu wetu yatamwuma. Lakini makanga huyo huyo hatasema "dereva imekuja". Atasema amekuja. Hata anayetupa ngeli nyingi anaishikilia ile ya kutenga watu na vitu, kwa sababu anajua bila hiyo atapotea kama nilivyopotea mimi mjini.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja, nalo nalitoa kwa heshima. Msitufunze ngeli kwa jedwali peke yake. Jedwali nililikariri usiku kucha na bado nikapata 13. Tupeni sentensi mbili kama "kitabu cha mwalimu kilichopotea" na "kitabu cha mwalimu aliyepotea", kisha mtuulize ni nani wa kutafutwa. Hakuna mwanafunzi atakayesinzia.

Na kwenu wanachama wenzangu, siwakatazi kuunda lugha. Iundeni! Mimi sikuwahi kuyafahamu mambo ya ngeli hadi nilipojaribu kuishi bila ngeli. Daftari letu bado tunalo, na juma lililopita tuliliongezea ukurasa mmoja. Sasa lugha yetu ina qui kwa watu na que kwa vitu. Ngeli mbili tayari, na rafiki yangu anadai tutahitaji ya tatu.