Mnara wa Moshi na Msikiti wa Mbao

Mtu wa pwani akitaka kuujua msikiti hutazama kibla. Misikiti yetu mingi mikongwe haina mnara, wala hakuna aliyeingia kusali akaiona imepungukiwa. Huko Potsdam, karibu na Berlin, liko jengo lililopindua mambo: mnara upo, kibla hakuna.

Asili yake ni Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, aliyetawala tangu 1740 hadi 1786. Huyu alijijengea kasri la Sanssouci, jina la Kifaransa lenye maana ya "bila wasiwasi". Alikuwa bwana wa vita na mpiga filimbi, na katika bustani yake alitaka maji yaruke juu. Akajenga birika kilimani, akamwaga fedha, na maji yasipande. Majeshi ya Ulaya aliyakabili, lakini maji yakamshinda hadi akafa. Aliyefaulu ni Friedrich Wilhelm wa Nne, wa ukoo wake, kwa injini ya mvuke kutoka kiwanda cha Borsig. Mwaka 1842 maji ya mto Havel yalipanda birikani, na bustanini yakaruka mita 38.

Lakini injini ina moshi na kelele, na mfalme hapendi karakana mbele ya macho yake. Basi mjenzi wake, Ludwig Persius, akaivisha nguo: kuba, nakshi za Kiarabu, matofali ya rangi mistari kwa mistari, na mnara mrefu mwembamba. Mnara ule ndio dohani. Pale ambapo angesimama muadhini, palifuka moshi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi kwa hasira. Mfalme aliipenda ile sura kama mtu apendavyo kanzu ya mgeni asiyemjua jina. Kazi ya fundi ni nzuri, na Wajerumani wamefanya vyema kuitunza. Majumba na bustani za Potsdam ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1990.

Ninachouliza ni hiki: msikiti wa kweli uko wapi?

Ulikuwako. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, huko Wünsdorf, kusini ya Berlin, serikali ya Kaisari Wilhelm wa Pili iliweka kambi ya mateka Waislamu waliokamatwa katika majeshi ya Ufaransa na Uingereza: Waarabu wa Maghribi, Wahindi, Waafrika. Julai 1915 ukafunguliwa msikiti wa mbao wenye kuba na mnara. Kusudi lake lilikuwa la kivita: mateka waione Ujerumani rafiki wa Uislamu, wageuke, wakapigane upande wa Sultani wa Uturuki. Ulikuwa chambo, na baadhi waliumeza.

Hata hivyo, waliosujudu mle walisujudu kweli. Nia ya mjenzi haiharibu sala ya mwenye kusali. Wengine walifia hapo wakazikwa Zehrensdorf, mbali na mama zao. Vita vilipokwisha, msikiti uliachwa ukachakaa, na katika miaka ya 1920 ukabomolewa. Likabaki jina la njia, Moscheestrasse, yaani Njia ya Msikiti. Mwaka 2015 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mabaki yake.

Watasema wengine: mbao huoza, matofali hudumu. Ni kweli, lakini mbao hutengenezwa pakiwa na mwenye kuzijali. Nyumba ya pampu ilikuwa na mwenyewe, nayo ni mfalme. Msikiti wa mateka haukuwa na mwenyewe.

Bahati njema, kilibaki kitu kimoja. Wataalamu wa Prussia walinasa katika santuri sauti za mateka wa kambi zao, wakisimulia na kuimba kwa lugha za kwao. Walifanya hivyo kwa elimu yao wenyewe, lakini sauti zile zimehifadhiwa Berlin hadi leo, na mshairi yeyote atakwambia kuwa sauti ya mtu ni urithi kushinda kuba.

Rai yangu, basi, ni kuwa anayewatembeza wageni Potsdam na kuwaonyesha mnara wa moshi awaambie pia habari za Wünsdorf. Na sisi huku, tunapohesabu kuta za kale za kutunzwa, tusiishie kwenye zile zilizojengwa na wenye mali. Tuulize pia ni wapi wanyonge waliweka vipaji vya nyuso zao.