Mbwa wa jirani asisubiriwe hadi ang'ate



Katika Manispaa ya Ubungo, hasa kwenye mitaa iliyopanda vilima vya Kimara, Saranga, Goba na Mbezi, mbwa wa ulinzi ni jambo la kawaida, lakini mbwa wakali wanaotoka kwao na kuingia katika nyua za majirani bado wanachukuliwa kuwa ugomvi mdogo wa watu wawili, ambao viongozi huona vyema uishie kwa kupeana mikono. Mbwa mkali, kwa maana ya barua hii, ni yule anayemkabili mtu kwa kubweka, kumwonyesha meno na kumkimbiza bila kuchokozwa, hata kama hajawahi kumng'ata yeyote. Linalolalamikiwa hapa ni mazoea ya kumwambia mlalamikaji arudi atakapokuwa na jeraha, ilhali sheria ya nchi haikuweka sharti hilo.

Chanzo kikubwa cha tatizo ni namna mipaka ya nyumba inavyojengwa katika maeneo ambayo viwanja vingi viligawanywa na watu wenyewe kabla ya kupimwa. Mwenye uwezo huanza na ukuta wa tofali na geti la chuma upande wa barabara, ambako mwizi anatarajiwa kutokea, kisha upande wa nyuma unaopakana na jirani, mara nyingi kwenye mteremko unaoelekea korongoni, huachiwa michongoma, senyenge iliyolegea au mabati yaliyooza chini kwa maji ya mvua. Kwenye geti huandikwa kwa rangi nyekundu maneno "Mbwa mkali", na onyo hilo humfikia mpita njia, lakini halimsaidii jirani wa nyuma ambaye mbwa humfikia kupitia tundu lililochimbwa chini ya mabati, tundu ambalo huzibwa leo kwa jiwe na kufukuliwa upya usiku unaofuata.

Saa nazo zina uzito wake. Mbwa hawa hufunguliwa usiku, watu wanapolala, na kurudishwa bandani asubuhi, na mlinzi akichelewa kuamka hubaki nje wakati ule ule ambao nyumba za jirani zinaamka. Saa kumi na moja alfajiri mama anayekaanga maandazi ya kuuza anawasha jiko uani, mwenye kuswali anachukua udhu bombani, na mtoto wa shule ya msingi aliyekwisha kuvaa sare anasimama mlangoni akiwa na jiwe mkononi, akisikiliza kwanza upande wa michongoma kabla ya kukimbilia kituo cha daladala. Mtoto huyo hajang'atwa, na kwa hesabu ya wengi hana malalamiko, lakini kila siku ya shule huianza kwa hofu ndani ya uwanja wa wazazi wake. Juu ya hofu kuna hasara ya mali, kwa maana kuku huuawa, nguo hung'olewa kwenye kamba, na ndoo za maji huingizwa midomo. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika jiji hili, jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito inayolazimu chombo kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi vinavyoingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, kwa kawaida kupitia jeraha la kung'atwa au mkwaruzo ulioguswa na mate hayo, kisha vikasafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili huweza kuchukua wiki hadi miezi kadhaa kujitokeza, na zikishajitokeza karibu hakuna anayepona, ndiyo maana tiba yake ni ile inayotangulia dalili: kuosha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kuwahi kituo cha afya kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwamba karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takribani asilimia 40 ya waathirika ni watoto walio chini ya miaka 15. Shirika hilo hilo hushauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukatike, na lengo la kimataifa ni kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Tanzania haina haja ya kutafuta mfano mbali, kwa kuwa kampeni za kuchanja mbwa kisiwani Pemba zimeonyesha kuwa ugonjwa huu unaweza kudhibitiwa hapa hapa. Jirani anayeamka na kumkuta mbwa uani hana njia ya kujua kama mbwa huyo amechanjwa au la, na haki ya kujua hilo asingepaswa kuiomba kama hisani.

Kuhusu sheria, wananchi wengi, na inaelekea hata baadhi ya watendaji, wameshikilia nusu tu ya habari. Nusu hiyo inatokana na sheria ya madai, yaani ile inayohusu fidia baina ya mtu na mtu, ambayo Tanzania iliirithi kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni za wakati huo, ng'ombe akiingia shambani kwa mtu, mwenye ng'ombe aliwajibika, lakini mbwa aliyeingia tu uwanjani hakumtia mwenyewe hatiani, na hata alipojeruhi mtu, mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba mmiliki alikuwa akijua ukali wa mbwa wake. Uingereza yenyewe iliipanga upya sheria hiyo mwaka 1971. Hata hivyo kanuni hiyo ya zamani haimwachi jirani mikono mitupu, kwa sababu kinachotafutwa ni ujuzi wa mmiliki, na ujuzi huo unaweza kujengwa kwa maandishi: barua fupi kwa mwenye mbwa, yenye tarehe na maelezo ya tukio, ikipelekwa nakala kwa mtendaji wa mtaa na kugongwa mhuri wa kupokelewa, humwondolea mmiliki nafasi ya kudai baadaye kwamba hakuwa na habari.

Nusu ya pili, inayosahauliwa, imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo ni sheria kuu ya makosa ya jinai. Kifungu cha 233 kinamtia hatiani mtu ambaye, kwa uzembe unaohatarisha maisha au unaoelekea kumdhuru mwingine, anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Kosa hapo ni kuacha kuchukua tahadhari, na kifungu kinataja madhara yanayoelekea kutokea, si yale yaliyokwisha kutokea peke yake. Lakini mlalamikaji anapofika mbele ya polisi, swali la kwanza huwa ni kama ameumia, kwa kuwa PF3, yaani fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, haina nafasi ya mtu aliyekimbizwa akaponea mlangoni. Basi hurudishwa mtaani, na mtaani huambiwa wakayamalize kwa amani na jirani yake, ambaye kwa kawaida jibu lake liko tayari: "Huyo hana shida, ukisimama hakufanyi kitu."

Wenye mbwa wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wizi upo, na jiji halijasahau hofu iliyoletwa na makundi ya vijana waporaji walioitwa Panya Road, Januari 2015 na tena mwaka 2022. Lakini mbwa anayelinda nyumba ya bwana wake hana kazi katika ua wa jirani, na akiwa huko nyumba aliyowekewa haina ulinzi. Isitoshe, ukali unaolalamikiwa mara nyingi hutengenezwa na malezi, pale mbwa anapofungwa mnyororo mfupi mchana kutwa juani, akalishwa makombo kwa imani kwamba njaa humfanya mlinzi hodari, kisha akafunguliwa usiku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumtunza mbwa ipasavyo kungempunguzia jirani nusu ya adha. Sheria hiyo hiyo inawahusu pia wale wanaochoshwa na danadana za ofisini wakaamua kutega nyama yenye sumu. Kitendo hicho ni cha kikatili na hakina utetezi, na sumu iliyotupwa uani haichagui kati ya mbwa, kuku na mtoto anayetambaa.

Kinachoombwa kwa Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo kiko ndani ya uwezo wake, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, yaani kanuni zinazotumika ndani ya maeneo yao. Sheria ndogo kuhusu mbwa, iwe mpya au iliyopo inayohitaji kutiliwa nguvu, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya mtaa na isomwe katika mikutano ya wakazi, ili mwenye mbwa na jirani yake waijue kwa maneno yale yale. Kila mbwa wa ulinzi aorodheshwe kwa mtendaji wa mtaa pamoja na cheti chake cha chanjo, na afisa mifugo wa kata apewe wajibu wa kukagua uzio wa pande zote nne badala ya kuishia getini. Mbwa akiingia kwa jirani mara ya kwanza, mmiliki apewe siku maalumu za kuziba tundu kwa gharama yake mwenyewe, na akirudia atozwe faini bila kusubiri jeraha. Na pale ambapo mtu ameng'atwa, mmiliki alipie chanjo zote za majeruhi kuanzia siku ile ile, na mbwa afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu kwa siku 10, kabla ya kiongozi yeyote kuzungumzia suluhu.

Mkazi wa Kimara,
Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam