Tusiipe Karatasi Mamlaka ya Kutoa Amri

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tasnifu yake kwenye flashi, akaniambia: "Daktari, ukitaka itoke, lazima uweke -shell-escape." Nikamuuliza maneno hayo yana maana gani. Hakujua. Aliyempa kiolezo naye hakujua. Alikirithi kwa aliyemtangulia. Hapo nikaona kwamba jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la mamlaka, na jinsi tunavyoyagawa bila kuuliza.

LaTeX, iliyoasisiwa na Leslie Lamport juu ya TeX ya Donald Knuth, hupanga chapa: milinganyo, majedwali, marejeo. Wengi wetu huiona kuwa kalamu tu. Lakini ndani yake mna amri iitwayo \write18, inayoiwezesha hati kuiagiza kompyuta iendeshe programu nyingine. Manufaa yake ni ya kweli: kifurushi cha minted kwa miaka mingi kiliitegemea ili kuiita Pygments, ambayo hupamba msimbo kwa rangi. Hata hivyo, ukiandika -shell-escape hujairuhusu Pygments pekee. Umeiruhusu hati kutenda lolote uwezalo kulitenda wewe kwenye kompyuta hiyo: kufuta faili, kunakili maksi za mitihani, kupeleka nywila kwa usiyemjua.

Wapo watakaosema: "Huyu ni mwanafunzi wetu, tunamwamini." Nami namwamini. Nisichokiamini ni rundo la faili ambalo hata yeye hajalisoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo pia wanaotaka marufuku kamili. Nao nawapinga. Marufuku isiyojali mahitaji huzaa ukaidi wa siri: anayehitaji mchoro wake kesho asubuhi ataufungua mlango wote usiku, na hakuna atakayejua.

Njia ya haki ipo. Tangu mwaka 2010, TeX Live imekuwa na utaratibu wa kawaida ambapo programu chache zilizotajwa kwa majina, kama vile bibtex na makeindex, ndizo zinazoruhusiwa kuitwa, nyingine hukataliwa. Huo ndio utawala wa sheria katika umbo dogo: mamlaka yaliyotajwa, yenye mipaka, yanayoweza kukaguliwa.

Na lazima yakaguliwe. Mwaka 2016 ilibainika kwamba mpost, iliyokuwamo orodhani, ingeweza kutumiwa kuita programu nyingine yoyote. Ikaondolewa. Somo lake ni zito: usimchunguze anayeingia tu, wachunguze na wale anaoweza kuwaingiza. Mwaka 2023 ikafichuliwa dosari katika LuaTeX iliyoruhusu hati kuendesha amri hata pale kibali kilipofungwa. Kwa hiyo mlango uliofungwa kwa kitasa kibovu haujafungwa.

Nadai mambo manne. Violezo vya vyuo visidai kibali kamili. Anayehitaji programu ya ziada aitaje kwa jina katika orodha, baada ya kuhakikisha kwamba yenyewe haiwezi kuita nyingine. Hati ya mtu mwingine inayong'ang'ania kibali kamili ichapwe ndani ya kontena lisilo na mtandao wala faili za thamani. Na programu zisasishwe, hasa kwenye seva zinazopokea kazi za wanafunzi.

Ninyi watumishi wa umma mnalielewa hili kuliko mnavyodhani. Hakuna mhasibu mwadilifu anayetia saini hundi tupu kwa sababu mwombaji ni mpole. Kwa nini basi tuitie saini kila tunapochapa tasnifu?

Tuliuondoa mstari ule. Matoleo mapya ya minted, yakitumiwa na TeX Live ya 2024 au ya baadaye, hufanya kazi kwa kibali chenye mipaka. Tasnifu ilitoka, rangi zote zikiwa mahali pake. Kumbe mamlaka yale makubwa hayakuhitajika; yaliombwa kwa mazoea tu, nasi tukazoea kuyatoa.