Msiseme Tena "Ni Mafua Tu"



Mtoto mchanga anapofariki kwa ugonjwa wa kifua, mambo mawili husemwa katika jumuiya zetu. Hadharani, mbele ya wafiwa, husemwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Faraghani, njiani kutoka makaburini, husemwa kwamba mama hakumfunika mtoto, akapigwa na baridi. Basi lawama hubebeshwa Mungu na mama, nasi wengine twarejea majumbani tukiwa safi. Twazikataa kauli zote mbili.

Miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo hivyo ni kirusi chenye jina, RSV, ambacho wataalamu wamekijua kwa watoto tangu mwaka 1957. Mtu mzima hukiona kama mafua. Kwa mtoto wa miezi miwili huziba vijia vyembamba vya hewa mapafuni, hata ashindwe kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, na blanketi la tatu halimsaidii kitu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yaonyesha kwamba mwaka 2019 pekee kiliua watoto zaidi ya 100,000 walio chini ya miaka 5, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miezi 6. Katika kila vifo 100, zaidi ya 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Je, Mungu anayo mapenzi ya namna moja kwa watoto wa Ulaya, na ya namna nyingine kwa wetu? La hasha!

Tena elimu hii haikuletwa kwetu kutoka mbali. Hapa Kenya, katika vijiji vya Kilifi, tangu Desemba 2009 hadi Juni 2010 watafiti walifuatilia nyumba 47, wakichukua vipimo puani mwa wakubwa kwa wadogo mara mbili kila juma. Walitaka kujua ni nani amwambukizaye mtoto mchanga. Walibaini kwamba mara nyingi maambukizi hutoka humo humo nyumbani, kwa kaka na dada zake, hasa wale waendao shule. Familia hizo za wakulima na wavuvi zilitoa pua zao kwa faida ya ulimwengu mzima.

Na ulimwengu ulifaidika. Leo ipo chanjo: mama mjamzito huchanjwa, na kinga humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Ipo pia sindano ya kingamwili anayodungwa mtoto mwenyewe. Ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2023, bei yake iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 500. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito bila malipo mwaka 2024. Mtatuambia kwamba hizo ni nchi tajiri. Argentina nayo, isiyo na utajiri wa namna hiyo, ilianza mwaka huo huo. Akina mama wa Afrika Kusini na Gambia walishiriki katika majaribio ya chanjo hiyo. Mwezi Mei 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote kuchagua mojawapo ya kinga hizo mbili. Anayekaribishwa jikoni kukuna nazi kisha asiitwe mezani, huyo ameonewa, wala hatutatafuta neno laini zaidi.

Lakini tusiinyoshee kidole dunia huku tukijisahau. Wako miongoni mwetu waajiri Wakristo ambao yaya akiamka ana kikohozi na homa hawampi ruhusa ya kupumzika, ama humkata mshahara, kisha humkabidhi mtoto wa wiki sita ambebe kutwa. Wako wanaompitisha mtoto mkono kwa mkono siku ya ubatizo, kila mmoja akimbusu, na mama anayekataa huitwa mwenye maringo. Mama huyo yuko sawa! Mwenye mafua anawe mikono na akae mbali, hata akiwa ni babu au mwenyekiti wa jumuiya.

Mtoto akipumua kwa haraka, kifua kikibonyea ndani kwa kila pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pasipo kungoja asubuhi. Dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani haziui kirusi. Aliyezidiwa huokolewa na oksijeni.

Kwa hiyo, kila jumuiya ndogondogo na iende katika kituo chake cha afya ikaulize: Je, mtungi wa oksijeni upo, na umejaa? Kipo kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni mwilini, na kinamfaa mtoto mchanga? Umeme ukikatika usiku, mtoto anayesaidiwa na mashine hufanyiwa nini? Majibu yaletwe kwetu kwa maandishi, yawe mazuri au mabaya. Tutayapeleka kwa serikali ya kaunti pamoja na swali letu la nne: chanjo ya wajawazito imetengewa fedha kiasi gani katika bajeti?