Si simu iliyomng'oa Ben Ali

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi darasani, na hata katika vyumba vya walimu, kwamba vijana wa Kiarabu waliziangusha serikali zao mwaka wa 2011 kwa simu na mtandao wa Facebook. Kauli hiyo ni tamu masikioni, hasa masikioni mwa kijana aliye na simu mfukoni. Lakini huifanya kazi ya miaka mingi ionekane kama kiinimacho, na mwalimu anayeikariri huwanyima wanafunzi wake sehemu ya habari iliyo na manufaa zaidi.

Nitaizungumzia Tunisia, kwa maana huko ndiko moto ulikoanzia kuwaka. Msomaji anajua habari za Sidi Bouzid. Ya Redeyef huenda hajayasikia. Mnamo tarehe 5 Januari 2008, Kampuni ya Fosfeti ya Gafsa ilitangaza majina ya waliofaulu kupewa kazi. Wakazi wa Redeyef, mji wa machimbo ulio karibu na mpaka wa Algeria, waliona kwamba nafasi zimegawanywa kwa kujuana. Wakaandamana, wake kwa waume, kwa takriban miezi sita. Mstari wa mbele alikuwako Adnane Hajji, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Polisi waliuzingira mji na watu wakauawa. Desemba mwaka uo huo Hajji akahukumiwa kifungo cha miaka 10, ingawa alisamehewa mwaka uliofuata. Mwanahabari Fahem Boukadous, aliyepeleka picha za maandamano hayo kwa kituo kidogo cha setilaiti, alihukumiwa miaka 4.

Ujasiri ulikuwapo, na dhuluma ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha kilio cha Redeyef hadi Sfax na Tunis, ambako televisheni ya serikali haikusema neno.

Vijana wachache walikuwa wakiitengeneza njia hiyo tangu zamani, tena kwa gharama kubwa. Zouhair Yahyaoui alikamatwa mwaka wa 2002 kwa ajili ya jarida lake la mtandaoni, TUNeZINE, lililomfanyia rais mzaha. Alifungwa, akaachiliwa, na mwaka wa 2005 akafariki kabla ya kufika umri wa miaka arobaini. Mwaka wa 2004 wenziwe walianzisha Nawaat, tovuti ya habari na mjadala ambayo serikali iliizuia isisomwe nchini. (Watunisia hawakukosa ucheshi: kwa kuwa kila ukurasa uliozuiwa ulionyesha nambari 404, walimbandika mdhibiti wao asiyeonekana jina la Ammar 404, kana kwamba ni karani fulani ameketi ofisini akifunga milango siku kutwa.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka wa 2007. Duniani kuna watu ambao burudani yao ni kusimama kando ya viwanja vya ndege, kuzipiga picha ndege zinazotua, kisha kuzitoa picha hizo hadharani zikiwa na tarehe na mahali. Riadh Guerfali, mmoja wa waasisi wa Nawaat, alizikusanya picha za ndege ya rais wa Tunisia, akazilinganisha na orodha ya safari rasmi za rais mwenyewe. Ndege ilikuwa imetua Ulaya siku ambazo rais hakuwa na ziara yoyote huko. Basi ni nani aliyekuwa akisafiri kwa fedha za umma? Guerfali hakumtukana mtu, wala hakuiba siri ya dola. Alizisoma tarehe tu, na serikali haikuwa na jibu.

Ndiposa Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda na mboga, alipojiteketeza mbele ya ofisi ya gavana huko Sidi Bouzid tarehe 17 Desemba 2010, baada ya kunyang'anywa mizani yake, tayari kulikuwa na watu waliojua la kufanya. Jamaa yake alipiga picha za maandamano ya siku hiyo kwa simu. Nawaat na wengineo walizikusanya picha kama hizo kutoka mji hadi mji, wakazichuja, wakazieleza zilikotoka, na Al Jazeera, kituo ambacho hakikuruhusiwa kuwa na ofisi Tunisia, kikazirejesha hadi katika sebule za Watunisia wenyewe.

Sitaficha kwamba uongo pia ulipenya. Bouazizi alisifiwa kuwa mhitimu wa chuo kikuu, naye hakuwa. Ilisemekana kwamba afisa wa kike wa manispaa alimpiga kofi. Mwanamke huyo alikaa kizuizini kwa miezi kadhaa, hata mahakama ikamwachilia Aprili 2011. Wako watakaosema kwamba kofi lile liliwasha hasira iliyohitajika. Mimi naona kwamba mizani iliyonyang'anywa ilitosha, na kwamba mwanamke yule alilipishwa deni lisilokuwa lake.

Sasa nawaomba walimu wenzangu watue kidogo hapa. Picha zilipozagaa, ni nani aliyewatoa watu majumbani na kuwaongoza? Katika Sidi Bouzid na Kasserine walikuwako wanachama wa matawi ya UGTT, muungano wa vyama vya wafanyakazi ulioasisiwa mwaka wa 1946, na miongoni mwao walimu walikuwa na sauti kubwa. Tarehe 12 Januari 2011 mgomo wa jumla uliufunga mji wa Sfax. Tarehe 14 zamu ilikuwa ya Tunis, na siku hiyo hiyo Ben Ali, aliyekuwa ametawala kwa miaka 23, akakimbilia Saudi Arabia. Wanaodhani kwamba intaneti ndiyo iliyobeba mzigo wote waitazame Misri: serikali iliikata usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari, na mchana wake umati uliofurika mitaani Cairo ulikuwa mkubwa kuliko wa tarehe 25.

Kati ya pande hizo mbili, ya simu na ya mgomo, alisimama Lina Ben Mhenni, mhadhiri wa chuo kikuu mjini Tunis. Siku ambazo polisi walikuwa wakiua, alisafiri hadi Regueb na Kasserine, akaingia hospitalini, akawapiga picha waliouawa na kuzitoa kwa jina lake halisi, ilhali mwili wake ulikuwa dhaifu na aliishi kwa figo aliyopewa na mamake. Baadaye alikusanya vitabu vya maktaba za magereza. Alifariki Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 36, na wanawake ndio waliolibeba jeneza lake.

Hakuishi kuona Julai 2021, Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge, wala Septemba 2022, ilipotolewa amri namba 54 inayomtishia anayeeneza habari za uongo kwa kifungo cha miaka 5, na maradufu ikiwa habari hiyo inamhusu mtumishi wa serikali. Tangu hapo wanahabari na mawakili wamefikishwa mahakamani kwa amri hiyo. Neno "uongo" sasa lina tafsiri ya mwendesha mashtaka.

Kwa sababu hiyo naona haitoshi kumwambia mwanafunzi kwamba simu yake ina nguvu. Afundishwe kuuliza picha ilipigwa na nani, wapi na lini, na habari hiyo imethibitishwa na nani mwingine. Mwalimu aliye na kipindi kimoja cha ziada aanze na ile ndege ya mwaka wa 2007: achore ubaoni safu mbili, moja ya tarehe za picha na ya pili ya tarehe za ziara rasmi, kisha awaachie wanafunzi chaki.