Barua ya Kujieleza Isitangulie Kipimo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Ni haki kubwa. Lakini yako maradhi ambayo humngoja mama mpaka likizo hiyo imekwisha.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni zinazouongoza mwili katika kasi ya kazi zake. Wananchi wengi huikumbuka inapovimba tu, na ndiyo maana wanaijua chumvi yenye madini joto. Baada ya uzazi mambo ni tofauti. Kinga ya mwili, iliyotulia wakati wa mimba, huamka upya, na kwa baadhi ya akina mama huishambulia tezi hiyo pasipo maumivu yoyote. Kwanza homoni huzidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, hasira za ghafla. Kisha, aghalabu baina ya mwezi wa nne na wa nane, homoni hupungua. Huingia uchovu, baridi, usahaulifu na huzuni.

Mwezi wa nne mwalimu huyo yuko darasani. Madaftari hayajasahihishwa, andalio la somo halipo. Mwalimu mkuu anaona uvivu, na barua ya kutakiwa kujieleza inaingia katika jalada. Nyumbani mawifi wamekwisha amua kwamba ni pepo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno na uonevu wa wakubwa kazini; kumhukumu mgonjwa bila kumwuliza hali yake ni uonevu huo huo, hata ukipigwa mhuri.

Si kila huzuni ya mzazi hutokana na tezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na wengi wao tezi zao ni nzima. Kichaa cha uzazi nacho, ambacho huwapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza, hakingoji mjadala: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini uchovu wa mwezi wa tano au wa sita unaweza kupimwa katika damu. Tangu mwaka 1948 daktari Roberton wa New Zealand alikwisha andika juu ya akina mama waliochoka hivyo baada ya uzazi, wakapata nafuu kwa dawa ya tezi. Leo wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa. Wachache huhitaji kidonge kila siku, pengine maishani.

Kliniki, mtoto hupimwa uzito na kadi yake kujazwa, na mama aliyembeba haulizwi kitu. Muuguzi amwulize usingizi wake, moyo wake na huzuni yake. Naye mwalimu mkuu, kabla ya kuchukua kalamu, ampe ruhusa ya kwenda hospitali yenye maabara.