Jua la Mungu, ukuta wa jirani

Mie huku Kasulu nipo gizani, na wala umeme haujakatika!

Chumba nilichopanga kina dirisha moja. Jirani kaja na tofali zake za kuchoma, kapandisha ukuta hatua moja tu kutoka dirishani kwangu. Sasa saa nne asubuhi nawasha taa kutafuta soksi, na LUKU inakimbia. Nikamfuata kwa heshima: "Shikamoo mzee, mwanga umeniishia." Akacheka: "Kiwanja changu, kijana. Jua ni la Mungu, muombe Yeye alihamishe."

Shangazi yangu wa Kibondo kanizidi ujanja. Yeye ni fundi cherehani, dirisha ndilo linalomlisha. Alipoona jirani anavuta kamba ya msingi, siku ileile akaenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji. Msingi ukasogezwa hatua tatu, na leo wanaazimana chumvi.

Mie nilijidai mstaarabu, nikanyamaza mpaka ukuta ukafika kwenye lenta. Uingereza wana sheria ya 1832: dirisha likipata mwanga miaka 20 bila kuzuiwa, mwanga huo unakuwa haki. Mie nina miezi minane, tena mpangaji! Nikamwomba mwenye nyumba twende Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Kanijibu: "Chumba kama hakikufai, wapangaji wapo."

Basi ndugu yangu, ukiona kamba, sema. Ukingoja lenta, nunua mshumaa. Tuonane wiki ijayo, kama nitaiona karatasi!